Hapa Kazini Hakuna Utani

Songea, 4 Novemba 2023

Mama yangu mpendwa,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Mimi sijambo, ni mafua tu ya baridi ya huku. Natumaini masikio hayakusumbui sana na magoti yamepoa. Dada Tabu na watoto hawajambo?

Mama, zile korosho ulizompa kondakta zimefika, ila sijaonja hata moja. Nimeudhika mno, ngoja nikueleze. Tangu nipandishwe kuwa msimamizi wa chumba cha kufungashia unga hapa kiwandani, sina raha. Walio chini yangu karibu wote ni Wangoni. Yupo mmoja, Thadei, fundi wa mashine ya kushona viroba. Siku ya kwanza tu alinipokea kwa kelele: "Haya jamani, yule Myao tuliyemteka amekuja kututumikia!" Wote wakacheka. Sasa juzi kifurushi chako kimewekwa mezani kwangu, mie niko kwa meneja. Narudi, nakuta Thadei amekifungua anagawa: "Kuleni, kuleni, mali ya mateka hii!" Mpaka mlinzi wa getini anatafuna.

Nikawaambia palepale, hapa kazini hakuna utani. Kisha nikampelekea meneja taarifa kwamba fundi amefungua kifurushi cha msimamizi na kugawa mali isiyo yake. Meneja si mtu wa huku, akaona ni wizi. Amemsimamisha kazi. Mama, kwenye semina ya viongozi tuliambiwa ukianza kwa kuchekacheka na watu, hawatakuheshimu tena. Na mimi ni mwanamke, tena wa kuja. Ningefanyaje?

Nitumie nyingine, lakini. Nina hamu nazo.

Mwanao,
Asma


Nalasi, 16 Novemba 2023

Mwanangu Asma,

Waalaykum salaam, marahaba. Masikio ni yaleyale, simu siisikii, ndiyo maana naandika. Tabu yuko shambani anaokota korosho, watoto wazima.

Hebu niambie, toka lini Mngoni, mtani wetu tangu mababu walipopigana na kutekana, akila cha Myao akaitwa mwizi? Siku ya kumzika baba yako, nani alisimama mlangoni akazuia jeneza lisitoke mpaka tumpe chochote? Si yule Mngoni wa Nakapanya? Alivaa kanzu ya marehemu, akatembea akichechemea vilevile kama baba yako, akinigombeza kwamba chai haina sukari. Nilicheka, Asma. Mume wangu kalala pale, nami nacheka. Nisingecheka siku ile ningepasuka.

Ulitakiwa umnyang'anye huyo Thadei kofia yake, umwambie haipati mpaka alete kuku. Yangeisha hapo. Wewe umempeleka kwa meneja! Aibu naiona mimi huku.

Kamrudishe mtani wako. Mpaka umrudishe, kalamu naiweka chini. Na korosho usahau.

Mama yako


Songea, 2 Desemba 2023

Mama,

Shikamoo. Habari za hapo? Mimi mzima.

Sasa hasira zote hizo za nini? Msibani ni msibani na kazini ni kazini. Wewe hujui kiwanda, mama, usikasirike nikisema hivyo. Tangu Thadei aondoke chumba kimetulia. Nikisema jambo, wanajibu "ndiyo, bosi," wanafanya. Meneja amenisifu mbele ya wenzangu. Si ulitaka mwanao afike mbali? Ndiyo huku kwenyewe.

Nijibu basi, mama. Usinifanyie hivyo.

Mwanao,
Asma


Songea, 21 Januari 2024

Mama,

Assalamu alaykum. U mzima kweli? Kondakta anasema alikuona stendi umekaa na Tabu, mnacheka. Nimefurahi. Kisha nimelia kidogo, maana hata salamu hukumpa aniletee.

Nikwambie ukweli, mama, niko mpweke. Mchana wenzangu wanakula pamoja uani, nasikia vicheko mpaka huku. Nikitokea na sahani yangu, kimya. Wananipisha, wananipangusia benchi, wanamaliza haraka wanaondoka. Sasa nakula ofisini nikitazama ukuta. Nikirudi nyumbani hakuna wa kuniuliza umeshindaje. Kuna Jumapili natoka hadi dukani kununua kiberiti wakati ninacho, ilimradi mtu aniambie karibu.

Wiki iliyopita viroba vimerudishwa na wateja, uzito pungufu. Kumbe mzani ulikuwa mbovu, na chumba kizima walijua. Nikamwita Benigna, ni mkubwa kwangu na ana roho nzuri, nikamuuliza mbona hamkuniambia? Nikambembeleza sana. Mwisho akasema, "Bosi, zamani jambo likiharibika, Thadei alikuwa analisema kwa mzaha, msimamizi anacheka, linatengenezwa. Sasa nani aseme? Ukiingia tu sisi tunaogopa. Unaingia kama mtu aliyekuja kukamata."

Mimi, mama! Mimi niliyekuwa nafikiri nimewapanga vizuri. Sijawahi kujiona ninavyoingia mlangoni.

Niandikie hata mstari mmoja.

Asma wako


Songea, 18 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Nimefanya ulichosema. Nilikwenda kwa meneja, nikamweleza kwamba si wizi, ni mila ya huku, na kosa ni langu. Alinitazama kama nimechanganyikiwa. Sifa zote zile zimekwisha, sasa ananiita "mama wa utani." Ila amekubali Thadei arudi.

Nikaenda mwenyewe kumwambia, kwao Matogoro. Anaishi na wazazi wake, Mzee Rupert na mkewe. Mzee anaumwa, yuko kitandani. Nilijua Thadei atanisimanga, atanifungia nje, atanimwagia maji. Nilijiandaa kabisa. Wala! Alinipa kiti, akaleta chai, akasema "karibu sana, bosi." Nikaomba radhi. Akasema "hakuna shida, bosi." Akanisindikiza hadi barabarani, kwa adabu tupu.

Yuko kazini sasa. Anakuja mapema, anashona viroba vyake, anaondoka. Hajanitania hata neno. Mama, ile adabu yake inaniuma kuliko angenitukana. Lakini amerudi. Sasa na wewe niandikie.

Mwanao,
Asma


Nalasi, 3 Machi 2024

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Marahaba. Nimefurahi, wala sikufichi, barua yako Tabu kanisomea mara mbili kwa kupiga kelele, ya kwanza niliisikia vizuri ila nilitaka tu tena.

Lakini umemrudisha mfanyakazi. Mtani bado. Mtani harudishwi kwa radhi na chai, Asma. Hiyo ni heshima, na heshima wanapeana watu wasiojuana.

Kula vizuri, usikondeane.

Mama yako


Songea, 15 Aprili 2024

Mama yangu,

Assalamu alaykum, shikamoo. Mimi mzima, miguu tu inauma, utajua kwa nini.

Mzee Rupert amefariki. Kiwanda kizima tulikwenda Matogoro kuzika. Mimi nilitoa rambirambi, nikakaa na wanawake, nikajitanda ushungi wangu nikainama. Wakanyanyua jeneza. Nikatazama huku na huku, Myao ni mimi peke yangu. Hakuna mtani mwingine wa kumcheza yule mzee, wa kuzuia jeneza lake. Nikasimama, nikaenda mlangoni, nikatanua mikono.

"Hatoki mtu hapa!"

Wafanyakazi wangu wote wananitazama. Nikasema kwa sauti ileile ninayotumia kazini, "Mzee Rupert! Umeondoka bila ruhusa, hukuaga, hukukabidhi zamu! Meneja nimeshamwambia. Hili ni onyo la kwanza, na huyu mwanao nitamfukuza tena!"

Hakuna aliyecheka, mama. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikajua nimeharibu, tena msibani, na safari hii hakuna wa kumwomba radhi. Mara nasikia kicheko chembamba, mjane mwenyewe, machozi yanamtoka. "Mpeni chake Myao huyo, asije akatufukuza na sisi!" Hapo ndipo watu wakaangua kicheko, Benigna mpaka akakaa chini. Thadei hakucheka. Alinitia sarafu mkononi bila kunitazama, nikawapisha. Nilirudi nyumbani peke yangu, na usingizi sikuupata.

Leo ndiyo amerudi kazini. Nimefika, nakuta kiti changu hakipo. Nimechungulia chumba cha kufungashia, kiko kwenye mashine, Thadei kakikalia anashona viroba, hanijui wala hanioni. Wenzake wameinamisha vichwa, mabega yanatikisika kwa kicheko. Hakuna aliyesema "ndiyo, bosi." Nikafunga mlango wa ofisi, nikalia, mama, nikalia mpaka kwikwi.

Mtani wangu hajakirudisha, nami sijakidai. Barua hii naiandika nimesimama.

Mwanao,
Asma