Michirizi Myeupe Kwenye Nyasi

Kanyangi

Kaka Kilonzo,

Natumai hali yako huko Malili ni njema, pamoja na Wayua na watoto, na kwamba maumivu ya mgongo yamepungua. Sisi ni wazima. Mama anakula vizuri na bado anagombana na redio.

Uliposikia kwamba nyasi zetu zimeingia michirizi myeupe, uliniagiza nizichome zote kabla ng'ombe hawajazigusa. Kaka, sikuchoma. Kiangazi bado ni kirefu, na ng'ombe wako na wangu hawana chakula kingine.

Maneno yalianza na jirani yetu, mzee Nthiwa. Alitangaza kanisani kwamba hiyo ni sumu imemwagwa, na mfugo utakaozila nyasi hizo hautaliona jua likitua. Nikasimama nikauliza nani alimwona huyo mmwagaji. Akasema mimi hata shetani nikikutana naye nitamdai ushahidi. Watu wakacheka, lakini sikuketi. Tangu lini hofu ikawa hoja?

Nyumbani nilichuma jani nikaliinua juani. Ndani yake, kati ya ngozi mbili za jani, alikuwamo kiwavi mdogo bapa, akila nyama na kuacha ngozi. Mchirizi ndiyo njia yake. Majani mengine niliyaweka kwenye chupa na kuifunika kwa kitambaa, hadi wakatoka nondo, wale vipepeo wa usiku, wadogo kama punje za mchele. Nikampelekea Nthiwa. Akajibu kwamba hata kiwavi anaweza kuua ng'ombe.

Sasa hata yeye analisha nyasi hizo, kwa kuwa wote walimwona mtamba wako akizila na kesho yake akiwa mzima.

Hapo ndipo pana jambo, kaka. Nilipokuwa sokoni nikibishana juu ya nyasi hizo, mtamba alivunja ua wa miiba akaziingia mwenyewe. Yule yule uliyemtenga kwa mahari ya mwanao Mulei! Nilimkuta amelala, tumbo limejaa. Nilipiga magoti kando yake nikaomba kwa sauti kubwa kuliko Nthiwa. Kisha akaanza kucheua. Nililia kama mtoto. Akainuka, akanipita, akaendelea kula.

Msalimie Wayua, na Mungu awalinde. Mama anasema mje kabla ya mvua. Nthiwa anaamini nilimwachilia mtamba kwa makusudi, na siku hizi ananivulia kofia. Tafadhali usimwambie.

Dada yako,
Muthoki