Mdhamini wa Vyumba Vinne

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Natumaini hamjambo. Huku Mama kikohozi kimepoa, anakula vizuri. Mimi mwenyewe nikisema mzima nitakuwa nakudanganya, na uongo nimeshaupiga wa kutosha mwaka huu.

Nimesikia umekuwa ukiulizia nyumba hii nimeipata wapi. Unakumbuka vile vyumba viwili tulivyokuwa tumepanga? Mama alilala cha mbele na wanangu wanne pamoja na makopo yangu ya rangi, maana nikiyaacha nje yanaibwa. Daktari alinionya kwamba ile harufu inamharibia Mama mapafu. Binti yangu mkubwa naye alikuwa anakwenda kubadilisha nguo kwa jirani. Jamani, baba mzima nitazame wapi?

Basi mkunga mmoja mstaafu akaniita nimwandikie bango la kuuza nyumba yake, vyumba vinne na stoo uani. Kaka, nililiandika vizuri kweli, kisha nikaenda kulificha chini ya kitanda changu, wanunuzi wengine wasije wakaliona! Wiki tatu yule mkunga akawa anashangaa mbona hapati mteja.

Shemeji yako alinijia juu. Alisema marejesho ya mkopo yatakula zaidi ya nusu ya ninachopata, na siku hizi mabango watu wanachapisha kwa mashine. Alitaka tukodi kibanda cha kuwekea rangi, sisi tubanane hivyo hivyo kwanza. Nikamwambia ana roho ndogo. Alilia sana. Alisema kweli tupu, na nilijua.

Chama cha mikopo kilitaka mdhamini mwenye nyumba yake. Ile siku nilipokuja kwako ghafla, ndicho kilichonileta. Nikala, nikacheza na watoto, nikaaga bila kukuomba. Niliogopa utakataa.

Unajua mkono wangu unaiga mwandiko wa mtu yeyote. Kaka, sahihi yako niliiweka mimi. Nakala ya hati ya nyumba yako, ile uliyompa Mama aitunze, niliitoa kwenye mkoba wake. Sasa nina miezi mitatu sijalipa, kazi hamna, usingizi hamna, na shemeji yako bado hajui. Jumatatu afisa wa chama atakuja kwako na zile karatasi kukuuliza kama ulisaini. Ukikana, nitafungwa, na ni haki yako. Ukikubali, wataishika nyumba yako. Nimeshindwa hata kujua nikuombe nini. Nisamehe ukiweza.

Kuna jambo jingine. Mama aliiona ile nakala mkononi mwangu, nikamwambia umekubali kutudhamini. Tangu hapo kila asubuhi anakuombea kwa sauti, nami namsikia ukutani.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Mama anakusalimu mno. Ameniona nikikuandikia, akanituma nikwambie asante.

Mdogo wako,
Fundi Bango