Nilimficha Mbwa Asichanjwe, Sasa Amemuuma Mwanangu

Bi Mwanamkuu mpendwa, mshauri wetu, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua, ukifika mwisho ndipo ucheke. Mimi ni mfuga nyuki na mkulima wa tumbaku, naishi katika kijiji kipya upande wa Ipole, nina mke, Veneranda, na mtoto mmoja wa kike, Nyamizi, mwenye miaka sita, na mama mkwe wangu anakaa nasi tangu tulipohamishwa mwaka jana, kwa hiyo nadhani umekwisha kuanza kunionea huruma.

Mambo yalianza mwezi wa pili nilipopewa ruhusa ya siku moja kurudi mahameni, kule tulikobomoa nyumba zetu, nikaangalie mizinga iliyobaki juu ya miti kando ya ile njia ya zamani waliyopita babu zetu na pembe za ndovu mabegani, nikasikia kitu kinalia ndani ya jiko la jirani lililobaki kuta tupu, nikachungulia, nikakuta watoto watatu wa mbwa, wawili wamekwisha kufa na mmoja ananitazama kana kwamba ni mimi niliyechelewa. Mama yao alikuwa amekufa njiani hatua kama mia hivi, hana jeraha lolote, amekufa na nini sikujua wala sikujiuliza, maana ukishahamishwa wewe mwenyewe na vyombo vyako juu ya lori, Bi Mwanamkuu, huna moyo wa kukiacha kiumbe kilichosahauliwa na lori hilo hilo, basi nikamtia ndani ya koti nikaja naye, njia nzima ananilamba mikono, na mikono yenyewe ilikuwa imechubukachubuka kwa kupanda miti. Nikamwita Masalia.

Tuna muuza duka pale kijijini, Mfaume, Mzaramo ambaye babu yake alikuja huku na misafara akasahau kurudi, na kwa hiyo ni mtani wangu. Aliponiona alicheka mpaka akashika mlango. "Nyie Wanyamwezi kubeba kumewaingia damuni! Pembe zimekwisha, sasa mnabeba mbwa?" Nikamwambia huyu ana adabu kuliko Mzaramo, hali mpaka akaribishwe, tukaachana hivyo.

Masalia alikuwa na tumbo kama ngoma, kupe wamejaa masikioni, na mgongoni manyoya yamenyonyoka mpaka ngozi inaonekana, lakini Nyamizi alimpenda, wakawa wanakula sahani moja na kulala mkeka mmoja, nami nikasema acha, watoto wote huanza wachafu. Sasa mwezi wa nne Bwana Mifugo akaja na sanduku lake la barafu kuchanja mbwa, na kamati ya kijiji ilikwisha kupitisha kwamba kila mbwa aletwe ofisini aandikwe na kuchanjwa, na mimi ni mjumbe wa kamati hiyo, siku ya kupitisha nilinyoosha mkono, nadhani niliinyoosha yote miwili. Lakini kulikuwa na maneno kijijini kwamba kila kinachoandikwa hugeuka mali ya wote, kwa sababu walipoandika plau zetu, plau zikaenda shamba la ujamaa na mpaka leo zinaendelea kulipenda shamba hilo, nami nikaona nikimpeleka Masalia ataandikwa, kesho nitasikia amepewa zamu ya kulinda ghala. Basi nikamtia ndani ya mzinga mtupu wa gome uliokuwa umelazwa nyuma ya nyumba, nikaziba kwa majani. Bwana Mifugo akafika.

"Ndugu mjumbe, una mbwa?"

"Sina, bwana."

Mzinga ukalia.

Akautazama. "Na nyuki wako wanasemaje?"

"Hawa wageni, bwana. Hawajazoea kijiji."

"Hata mimi sijakizoea," akasema, akaenda zake.

Tukacheka siku tatu. Sasa kicheko kimekwisha. Jumanne iliyopita Masalia alianza kujificha uvunguni, hataki kula, maji akiyaona anayasogelea kisha anashindwa kuyameza, anatafuna vijiti na udongo, sauti imemkauka, udenda unamtoka, na Alhamisi asubuhi Nyamizi alimvuta ili ampe maji, akamuuma mkono wa kulia, matundu mawili, damu kidogo tu. Mama mkwe wangu akamnyofoa Masalia manyoya, akayachoma, akayapaka majivu yake kwenye kidonda na kufunga kitambaa, ndiyo dawa aliyoikuta kwa mama yake, nami kwetu mkwe hata jina lake hulitaji, sembuse kumwambia amekosea. Mbwa nimemfungia kwenye bani la kukaushia tumbaku. Veneranda hasemi nami. Na Mfaume, ambaye sijapata kumsikia akisema neno moja bila utani tangu nimjue, jana alifunga duka mchana akaja mpaka mlangoni, "Baba Nyamizi, mpeleke mtoto hospitali," nikamngoja amalizie kwa kicheko, hakumalizia.

Lakini nikienda zahanati mganga ataniuliza mbwa amechanjwa au la, na mganga tunakaa naye kamati moja, nitakuwa mjumbe aliyepitisha chanjo na kuikimbia, nitasemwa mpaka nitamani kurudi mahameni. Na mtoto anacheza, kidonda kimekauka. Nimesikia watu wanasema mbwa aliyeuma hutazamwa siku kumi. Je, nisubiri hizo siku kumi, au nimwue na kumzika kimya kimya niseme mtoto alichomwa na miiba? Nimeandika usiku na mchana sijalala, na nadhani jibu ninalijua, ila nataka mtu mwingine alitamke. Barua hii nampa kondakta wa basi akukabidhi mkononi, na nitamngoja barabarani Jumatatu jioni.

Ni mimi, Baba Nyamizi, Ipole.

*

Baba Nyamizi,

Marahaba. Nilicheka mara moja tu, pale nyuki walipolia. Nilipofika pale Alhamisi mtoto alipoumwa, nikaweka kikombe chini.

Jibu lako halikungoja gazeti. Lilipanda basi lile lile Jumatatu mchana, na wasomaji wangu wote walijue hilo: mtu aliyeumwa na mbwa hamwandikii mshauri. Mshauri hana sindano. Mimi mwenyewe si daktari, nilikuwa mshika beseni. Miaka kumi na minane nimeshika beseni madaktari wakisema, na masikio yangu hayakuwa na beseni, yalisikia kila neno. Wodini nimewaona watu watatu wenye kichaa cha mbwa. Sitakueleza nilichokiona. Nitakueleza kwamba wote watatu waliingia wakiwa wanajua siku waliyoumwa, na wote watatu kidonda kilikuwa kimekauka zamani.

Nilichokuandikia ni hiki, nakirudia kwa ajili ya wengine wenye mbwa wa kuokota, maana tangu watu wahamishwe, kila hame lina watoto wa mbwa na kila kijiji kina mtu mwenye huruma na koti.

Zile siku kumi ulizosikia ni za mbwa mzima, anayekula, anayekunywa, anayejulikana, aliyekasirika siku moja kwa sababu alikanyagwa mkia. Huyo unamfunga na kumtazama, na hospitali unakwenda vilevile. Huyu wako hali, hanywi, sauti imemkauka, udenda unatoka, na mama yake alikufa njiani bila jeraha. Utamtazama mpaka uone nini zaidi? Akusalimie?

Kidonda osha. Toa majivu yote, kwa maji mengi yanayomiminika na sabuni ya kufulia, muda wa robo saa, mtoto alie anavyotaka. Siku ya kuumwa ndiyo ilikuwa bora, lakini leo ni bora kuliko kesho. Usikifunge kwa nguvu, usikipake majani, mafuta ya taa wala asali, hata kama asali ni yako. Kisha panda basi uje hospitali kubwa ya Tabora, usiishie kumsumbua mganga wa zahanati kama hana dawa hiyo. Ni sindano za tumboni, moja kila siku, siku kumi na nne. Zinauma. Kichaa cha mbwa kikishaanza kwa mtu hakina dawa, hapa wala Ulaya, ndiyo maana tunakiwahi kabla hakijaanza. Mtoto kucheza si dalili ya kupona. Mtoto anacheza kwa sababu ugonjwa bado uko njiani, nawe unatakiwa ufike kabla yake.

Na wewe pia utafunua tumbo. Uliandika kwa kupita tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba mbwa alikulamba mikono iliyochubuka. Na tangu hapo umemshika mara ngapi, ukamfungia banini kwa mikono gani? Mate yake ndiyo yenye ugonjwa, na mate hayana haja ya jino kama ngozi imekwisha kufunguka. Daktari aamue, usiamue wewe.

Mama mkwe wako mpe shikamoo yangu. Baada ya shikamoo mwambie hivi, na umwambie kwa kinywa cha Veneranda kama wewe huwezi: mama, ulifanya ulichofundishwa, na huko nyuma mbwa wengi waliouma hawakuwa na kichaa, kwa hiyo majivu yakapewa sifa ya kazi ambayo hayakuifanya. Lakini ulimnyofoa manyoya mbwa anayetokwa na udenda kwa mikono mitupu. Vaa kanga yako nzuri, uje na mjukuu wako. Heshima ya mkwe haimzuii mtu kuokoa maisha ya mkwe.

Mbwa asifunguliwe, asiguswe, asilishwe kwa mkono. Usimwue wewe na usimzike kimya kimya. Mwite Bwana Mifugo, ndiye atakayemmaliza, na huenda akahitaji kukipeleka kichwa kupimwa, kwa hiyo mtu asimpige rungu la kichwa. Sindano hazingoji majibu hayo. Kila aliyemshika, kila mbwa aliyecheza naye, majina yatoke yote. Hapo ndipo penye aibu yako, ndugu mjumbe, nami siwezi kukuondolea. Utasimama na kusema: nilimficha. Kwa uvumi kwamba akiandikwa atakuwa wa wote! Plau nakubali, plau kila mtu anaitamani. Mbwa mwenye upele, kupe na tumbo la minyoo, nani kijijini kwenu alikuwa anamgombea?

Sasa, huruma yako siitukani. Kiumbe kilikuwa kinalia nawe ukasikia, wengi wanapita. Kosa ni kwamba ulimkaribisha kama mgeni aliyetoka safari njema. Anayeokota mtoto wa mbwa kwanza aulize mama yake yuko wapi na amekufaje, na kama hajui, asimguse kwa mkono wenye mchubuko, amchukue ndani ya gunia. Amweke peke yake bandani, si kwenye mkeka wa mtoto. Tumbo lile kama ngoma si shibe, ni minyoo, na minyoo ile mtoto huipata kwa kushika mavi na udongo wenye mavi kisha kula bila kunawa. Bwana Mifugo ana dawa yake, na mavi yafukiwe. Kule kunyonyoka mgongoni ni upele, nao unahamia kwa watu. Mtazame Nyamizi katikati ya vidole kama hajikuni. Kupe hutolewa mmoja mmoja, hakamuliwi kwa kucha. Sahani moja na mbwa sisi Waislamu tulikwisha kukatazwa zamani, chombo alicholamba tunakiosha mara saba na mara moja kati ya hizo kwa udongo, lakini naona ninyi jirani zetu mlituona tunajisumbua. Na akitimiza miezi mitatu, chanjo. Masalia alikuwa ametimiza siku ile ile mlipokuwa mnacheka. Naye huenda mate ya mama yake yalikwisha kumfikia, chanjo isingemfaa, sijui. Lakini Bwana Mifugo angemwona, na angekuuliza swali ambalo hukujiuliza.

Hayo ndiyo yaliyokwenda na basi. Jumanne jioni walishuka stendi wote wanne, mtoto, baba, Veneranda, na mama mkwe akiwa mbele. Bwana Mifugo alikwisha kumpiga mbwa risasi asubuhi hiyo. Nilikwenda mwenyewe kuwapokea, nikawatafutia chumba kwa ndugu zangu hapa Cheyo. Sindano za kwanza walichomwa Jumatano, daktari aliamua wachomwe watatu, Veneranda peke yake ndiye aliyenusurika kwa kuwa hakuwahi kumpenda mbwa huyo. Nyamizi anamwita muuguzi majina ambayo sitayaandika kwenye gazeti linalosomwa na masista.

Nilidhani kazi yangu imekwisha. Leo, siku ya sindano ya tano, Baba Nyamizi alinijia mlangoni na kofia mkononi.

"Bi Mwanamkuu, mtoto ni mzima kabisa. Tumbaku inaharibika kule. Nafikiri hizi tano zinatosha, zilizobaki tutakuja kuzimalizia baada ya mavuno."

Sikumjibu pale, maana nilikuwa na mwiko wa ugali mkononi nikauogopa. Nakujibu hapa, mbele ya mkoa mzima, ili usipate pa kuutia uongo mwingine. Wale watatu niliowaona wodini, mmoja alichomwa sindano sita. Akajiona mzima, akarudi kuvuna.

Tumbaku yako Mfaume ataisimamia. Nilimwandikia tangu juzi, na amejibu kwamba Mnyamwezi akiacha kazi hata Mzaramo hufanya kazi, kwa hiyo ujue anakupenda. Kesho saa mbili asubuhi ni ya sita. Nitakuwa mlango wa hospitali nikiwahesabu: wewe, mtoto, mama. Mpaka kumi na nne.