Kadi Namba 40718 na Mchukuzi wa Kimoli

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi Barkhet, Uttarakhand. Tarehe 17 Februari, saa tano asubuhi.
Jina: Puran Singh Khatai. Umri: miaka 38. Elimu: sekondari. Kazi: fundi wa saa na redio. Makazi: kijiji cha Kimoli.

Nasema haya kwa hiari yangu mbele ya Inspekta Msaidizi Rautela, shajara yangu ikiwa mkononi.

Nilikuwa wakala wa mgombea Uniyal katika kituo cha kura cha Kimoli. Mgombea wangu amelalamika kwamba mchukuzi Dhaneshwari Devi, mjane wa miaka 50, alibaki na mashine ya kura bila askari kwa saa sita, akaifungua. Shahidi aliyetajwa ni mimi. Nimeelezwa kwamba akionekana na hatia atafungwa, na kura za Kimoli hazitahesabiwa.

Mnamo tarehe 14 Februari, saa kumi na mbili asubuhi, tulipiga kura hamsini za majaribio. Zikafutwa, kioo kikaonyesha sifuri, ndipo wanakijiji wakaingia. Hadi jioni walikuwa wamepiga kura watu 287. Mashine ilitiwa sandukuni, sanduku likafungwa kwa uzi, kadi ya namba na lakiri. Mawakala sote watatu tulisaini kadi. Namba 40718. Niliiandika.

Tarehe 15, saa mbili na nusu asubuhi, tulianza kushuka kwenda barabara ya magari, kilomita tisa ndani ya theluji. Msimamizi wa kituo, maofisa wake na askari wawili walikuwa mbele wakipasua njia. Dhaneshwari aliwafuata na sanduku mgongoni, nami nyuma yake. Saa tatu na dakika kumi theluji iliporomoka kati yetu na wao. Hakuna aliyeumia, ila njia ilitoweka. Askari walipiga kelele kwamba tusubiri, watazungukia bondeni.

Nilimwambia, kwa heshima ya kijijini tu, "Shemeji, tua mzigo upumzike."

"Nitue wapi? Theluji italowesha kadi."

Alivua shali yake, akalifunika sanduku, akaketi juu ya mwamba na kulipakata. Niliposogea kumsaidia alisema, "Kaa kwenye jiwe lile. Mikono yako niione."

"Unanishuku mimi?"

"Wewe ni mtu wa Uniyal, na mimi kijiji kizima kinajua nampenda mgombea yupi. Kesho tutaulizwa sote wawili."

Dhaneshwari hajui kusoma. Lakini msimamizi alipowasomea maofisa wake kanuni za ulinzi wa mashine, yeye alikuwa mlangoni akingoja mzigo, na alizishika zote. Aliniambia, "Mashine haikai na upande mmoja. Basi upande wa pili ni wewe. Toa kitabu chako."

Saa nne kamili aligeuza sanduku, akainua ncha ya shali. Nilisoma namba kwa sauti nikiwa palepale, nikaandika saa na namba. Tulifanya hivyo saa tano, saa sita, saa saba, saa nane na saa tisa. Saa saba alinirushia nusu ya mkate wake wa wimbi. "Kula, fundi. Usije ukafa nikabaki bila shahidi."

Saa nane midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nilimsihi ajifunike shali. Alisema, "Shali ni ya kadi." Nilivua koti langu. Hakuniruhusu kumpelekea, nilimrushia.

Nimefungua na kufunga saa za watu kwa miaka kumi na tisa. Sijapata kuona kitu kikitunzwa namna ile. Kwenye shajara, chini ya saa nane, niliandika neno moja tu: Ajabu.

Askari walitufikia saa tisa na dakika tano.

Jana saa nne asubuhi kiongozi wetu wa tarafa alinipigia simu. Alisema, "Kura hazijahesabiwa, lakini Kimoli najua tumepigwa, Puran. Mashine ikikataliwa tumepona. Wewe sema ulisinzia."

Sikusinzia. Kila nilipoinamisha kichwa, Dhaneshwari alinipiga kwa tonge la theluji na kuuliza, "Fundi, saa yako imesimama?"

Nimesomewa maelezo haya, nami nimeyakubali kuwa ndiyo niliyoyaona na kuyasema.

(Sahihi) P. S. Khatai

Maandishi ya ofisa: Shajara imepokelewa kama kielelezo. Ukurasa wa tarehe 15 una mistari sita ya saa, na namba ni moja katika yote. Saa nane mchana chumba cha mashine kilifunguliwa na msimamizi wa uchaguzi mbele ya mawakala wote. Kadi inasomeka 40718. Lakiri ni nzima. Dhaneshwari Devi, aliyekuwa akisubiri barazani, vidole vyake vikiwa na bandeji, ameambiwa yuko huru kwenda nyumbani. Kabla ya kuondoka aliuliza kama kadi ilikuwa kavu. Nilimjibu kwamba ni kavu.