Swali Nililomuuliza Baba kwa Simu

Hanford, California
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu mpendwa Duarte,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Yokosuka, Japani, na kwamba kile kikohozi ulichotuambia kimekuacha. Sisi hapa miili ni mizima. Ukungu umeshuka tangu wiki iliyopita, ule wetu mzito wa bondeni. Asubuhi ng'ombe wa akina Avila hatuwaoni, tunawasikia tu. Shangazi Fátima anakusalimu sana, anasema meli isiyo na mkate mtamu si meli, ni jela. Baba naye angekusalimu, lakini hajui kwamba ninakuandikia.

Najua ungependa nikupigie simu, lakini unanijua, maneno hunikwama. Kwa hiyo utacheka ukisikia kwamba kazi niliyoipata tangu nimalize shule ni ya kupiga simu kutwa. Niko kwa Bi. Haugen, yule mama mrefu mwenye ofisi juu ya duka la maua. Yeye ni mratibu wa mauzo ya nyumba. Dalali ndiye anayeonyesha nyumba na kupigwa picha akitabasamu mbele ya kibao. Muuzaji na mnunuzi wakishakubaliana bei, faili linakuja kwetu, na sisi tunawakimbiza wote mpaka siku ya kukabidhi funguo: mkaguzi wa paa, mtu wa mchwa, benki, muuzaji aliyesahau kutia sahihi. Bi. Haugen anasema sisi hatuuzi, hatununui, wala hatumshauri mtu. Kazi yetu ni kuhakikisha hakuna kilichorukwa. Siku yangu ya kwanza alinisikiliza nikizungumza na benki, akaniambia, “Binti, ukinong'ona hivyo watadhani unataka kuwaibia. Toa sauti!” Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Sasa nimezoea kidogo.

Ana utaratibu mmoja ambao nimeukuta kwake. Katika jimbo letu, kama mtu amefia ndani ya nyumba katika miaka mitatu iliyopita, mnunuzi lazima aambiwe. Muuzaji hulijibu swali hilo kwa maandishi, lakini Bi. Haugen hatosheki. Anasema watu hulipita wamefumba macho. Kwa hiyo tunampigia kila muuzaji na kumuuliza kwa mdomo, kwa maneno yaleyale, awe tajiri au maskini, rafiki au mgeni.

Sasa nikuambie jambo ambalo Baba alitaka kukuambia mwenyewe utakapokuja likizo. Anaiuza nyumba yetu. Usimlaumu upesi. Tangu Mama atutoke halali chumbani, analala kwenye kiti cha jikoni na koti lake. Tutahamia kwa Shangazi Fátima, kwenye vyumba vyake vya nyuma. Dalali ni Gil Machado, yule anayebeba bendera kwenye festa ya kanisa na kumkanyaga kila aliye mbele yake. Wanunuzi ni mume na mke vijana wa Lemoore. Mume anatengeneza ndege kwenye kambi ya jeshi, mke ni mjamzito. Walipokuja kuangalia walikipenda zaidi chumba chako, kwa kuwa jua huanza kuingia pale. Wakasema ndicho kitakuwa cha mtoto. Gil alitoka amefurahi, akamwambia Baba, “Mzee, hapo tumemaliza, kilichobaki ni kupakia sufuria.”

Gil huleta mafaili yake yote kwetu, na hili likaja. Bi. Haugen alilisoma jina, akaniangalia, akasema hili atalifanya yeye. Nilimwambia hapana, nitampigia mimi. Nilidhani swali lile lingekuwa jepesi likitoka kwa mwanawe kuliko kwa mgeni. Sijui kama nilifikiri vizuri.

Baba alipopokea nilitaja jina langu lote na jina la ofisi, kama ninavyofanya kwa wote. Alicheka. Akasema, “Zélia Silveira? Unajitambulisha kwangu kwa jina la ukoo nililokupa? Nimekosa nini, bwana hakimu?” Nikamuuliza kama paa limewahi kuvuja, akajibu. Nikamuuliza kama ana ugomvi na majirani, akasema ana ugomvi na jogoo wa Avila tu, nimwandike. Ilikuwa siku nyingi sijamsikia akitania. Kisha nikamuuliza kama kuna mtu yeyote aliyefariki ndani ya nyumba katika miaka mitatu iliyopita.

Nilisikia friji ikinguruma kule jikoni. Halafu akasema, polepole, “Mwanangu, si unajua.” Nikamwambia ninajua, Baba, lakini lazima nilisikie kwako.

Kaka, kama ungekuwa umesimama hapo ungemjibia kwamba hapana, hakuna. Ungejibu hivyo kwa sababu ndivyo tulivyokuambia. Na Baba angeweza kujibu hivyohivyo, ofisi isingejua, na Gil angefurahi. Lakini alisema, “Ndiyo. Mke wangu.”

Mama hakufia hospitali. Ulipopiga simu kutoka melini ulimwapisha Baba kwa Roho Mtakatifu kwamba Mama akizidiwa atamrudisha kwa madaktari, naye akaapa. Mama alipozidiwa, Baba alikuwa na funguo za gari mkononi. Mama alishika mwimo wa mlango. Alimwambia, “Manuel, ukinitia kwenye gari hilo nitakufa nikiangalia taa nyekundu ya barabarani. Niache kwangu.” Akaomba tumlaze kitandani kwako, akisema mto bado una harufu yako. Baba alipiga magoti akamsihi, mimi pia. Hakutaka. Alitutoka asubuhi, na ukungu ulikuwa mzito, hata jua la chumba kile halikuingia. Alikutaja zaidi ya alivyotutaja sisi.

Baba hakuweza kukuambia kwamba amevunja kiapo. Aliniambia tutasema hospitali, nami nikaitika kwa kichwa. Ulipofika, tumekwisha kumzika, ulilala katika kitanda kile likizo yako nzima. Mimi ndiye niliyebadilisha mashuka kabla hujaingia.

Wanunuzi tumewaambia. Hawakujitoa. Mke alinipigia akauliza ni chumba gani, nikamwambia. Alisema pole sana, na nadhani alilia. Kisha akauliza kama kitanda kinaweza kuondolewa kabla hawajahamia. Mtoto wao watamlaza chumba kingine. Jana Baba alikifungua kitanda, kimeegemezwa vipande vipande ghalani. Hawezi kukichoma, hawezi kumpa mtu bila kukuuliza, na hawezi kukuuliza bila kukuambia sababu. Jana usiku tu alisema anaogopa kwamba ukijua hutarudi tena kwetu.

Hakunituma nikuandikie. Lakini tangu niweke ile simu chini nawaza jambo moja tu. Mwanamke nisiyejua hata sura yake alijua mama yako alifia wapi kabla yako wewe, kwa kuwa sheria inamtaja yeye na wewe haikutaji. Mimi nilihakikisha hakuna kilichorukwa, na aliyerukwa ni kaka yangu.

Funguo zinakabidhiwa mwisho wa mwezi wa pili. Mpigie Baba kabla ya hapo, akiwa bado jikoni mwake. Mkasirikie ukitaka. Nikasirikie na mimi. Ila mpigie.

Wasalimie wenzako wa melini, hasa yule anayekufundisha Kijapani. Jikinge na baridi. Mungu akulinde majini na nchi kavu, na akulainishe moyo utakapofika mwisho wa karatasi hii.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Zélia