Ruhusa ya Kukaa

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Salamu zako zimefika. Hapa Timbwani tu wazima, alhamdulillahi, na nyanya yako anakuombea dua.

Umeniuliza kama kumwendea mshauri nasaha, kwa kuwa maumivu ya mgongo yasiyoisha yamekulemea moyo, ni upungufu wa imani.

Nilipokuwa kijana mpakuzi wa magunia bandarini, kiuno kiliniuma mwaka mzima. Niliona haya kuswali kwa kukaa mbele ya wenzangu, nikaacha kwenda msikitini. Maalimu wangu akanifuata nyumbani.

"Umetukimbia?"

"Kiuno, maalimu. Siwezi kusimama."

"Na nani aliyekulazimisha? Ruhusa ya kukaa umeisoma kwangu mwenyewe. Au ulidhani ni ya wengine?"

Nikacheka, kisha nikalia, nikamweleza yote. Kiuno hakikupona, lakini Ijumaa ile niliswali kwa kukaa, ndani ya safu.

Basi nenda, mjukuu wangu. Wa kwanza asipokusikiliza, tafuta mwingine. Nawe umweleze hata yale unayotuficha sisi.

Kiuno changu kingali kinauma. Barua hii nimeiandika kwa mapumziko mawili, bila haya.

Babu yako