Kuhusu Meza ya Pool ya Lipingo na Ruhusa Yangu ya Kuja Nyumbani

Lipingo, Nyasa

Kwa mama yangu mzazi, Muheza.

Shikamoo Mama. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta umeamka vizuri, na kwamba lile goti halikusumbui tena unapoinuka kwenye mswala. Mimi mwanao ni mzima. Nilipatwa na kifua kidogo kwa sababu ya upepo wa asubuhi wa huku ziwani, nacho kimekwisha kupona. Najua ungependelea nikupigie simu. Hata hivyo, jambo ninalokusudia kulieleza lina mwanzo na mwisho wake, na kila nilipojaribu kulisema kwa simu ulinikatiza kwa kuniuliza nimekula nini.

Jambo lenyewe ni nikaha ya mdogo wangu Zaituni. Ninafahamu fika kwamba tangu Baba alipofariki mimi ndiye walii wake wa kumwozesha, na kwamba shughuli imeahirishwa mara mbili kwa sababu yangu. Ujumbe wa Ami pia ulinifikia, kwamba upande wa mume hautakubali kuahirisha tena. Ami alipendekeza nimpe yeye uwakili kwa simu aozeshe kwa niaba yangu, na sheria inaruhusu. Lakini Zaituni alimnyang'anya simu akaniambia, "Kaka, mimi siozwi na simu. Kama huji, sema huji."

Huko nyumbani mnadhani nimezuiwa na duka. Ukweli ni kwamba nimezuiwa na meza ya pool. Mwajiri wangu, Mzee Salehe, ambaye wazazi wake walitoka Kilwa, ameiweka meza hiyo kwenye kibaraza cha duka. Kwa kuwa hujawahi kuuona mchezo wenyewe, nitaueleza kwa ufupi. Mipira kumi na mitano hupangwa juu ya meza kwa umbo la pembetatu, kisha wachezaji wawili huipiga kwa fimbo hadi iingie kwenye mashimo ya pembeni. Mchezo ukiisha, mipira hupangwa upya. Desturi ya hapa ilikuwa kwamba aliyeshindwa humpangia aliyeshinda, na aliyeshinda hupiga pigo la kwanza. Sasa aliyeshindwa akiwa na kinyongo huipanga mipira ikiwa imelegea, basi pigo la mwenzake hufa palepale na mipira haitawanyiki. Kwa sababu hiyo watu walitukanana, na fimbo zikaanza kutumika kwa kazi nyingine.

Mzee akaamua kwamba mpangaji awe mtu mmoja. Tatizo ni kwamba hapa Lipingo kila mtu ni mkwe au binamu wa mwenzake, na Mzee mwenyewe ameoa hapa hapa. Akaniita. "Rajabu, wewe huna shemeji Lipingo. Utapanga wewe."

Hiyo ndiyo sababu ya kukosa likizo kwangu. Nilipoomba kwa maandishi, Mzee aliisoma barua yangu, akausifu mwandiko, akasema, "Ukiondoka nani atapanga? Au unataka wauane kibarazani kwangu?"

Nikatafakari kwamba, ikiwa kinachogombaniwa ni mkono wa mtu, basi dawa ni mipira ipangwe pasipo mkono wa mtu. Mimi si fundi wa kusomea, lakini nilitengeneza sanduku la ubao lenye mashimo kumi na matano, kila shimo likiwa na rangi ya mpira wake. Kila mpira unapoingia, mchezaji huutumbukiza katika shimo lake, na ile inayobaki mezani huongezwa mchezo unapoisha. Sanduku lenyewe linaning'inia juu ya meza kwa nyaya za breki za baiskeli. Ukivuta mpini, linashuka mahali palepale kila mara, kitako kinafunguka, mipira inatua, na mbao mbili za pembeni zinaibana mpaka isiwe na nafasi. Kisha jiwe nililolifunga upande wa pili linalipandisha sanduku juu. Siku ya kwanza kitako kilikwama nusu, mipira ikamwagika, na ule mweusi ukaenda kutulia katikati ya usipa aliouanika mke wa Mzee. Usipa ni dagaa wa huku. Baada ya marekebisho mashine ilifanya kazi.

Wa kwanza kuijaribu walikuwa Kastori, mshona nyavu, na Gaudensi, mkulima wa kahawa ambaye hushuka kutoka Litumbandyosi kununua usipa na ambaye amemwoa dada yake Kastori. Gaudensi aliuchunguza ubao kwanza.

"Huu si ubao wa mtumbwi wa kaka yako?" alimuuliza mwenzake. "Kwa hiyo mashine ni ndugu yako."

"Basi kwako ni shemeji," Kastori akamjibu. "Iamkie kwanza ndipo ucheze."

Gaudensi alishindwa. Akageuka kutafuta wa kumlaumu, na watu wakamwelekeza kwenye jiwe.

Nikaandika ombi la pili la likizo nikiwa na imani kubwa. Mzee alilikataa kwa sababu mpya. Watu walikuwa wakija hata kutoka Mbamba Bay kuitazama. "Sasa ndiyo kabisa," alisema. "Ikikwama na fundi yuko Muheza, nitafanyaje?"

Mama, siku ile nilikaa nyuma ya duka nisijue nimwandikie Zaituni nini. Ndipo nikatambua kwamba Mzee hajawahi kuushika mpini wenyewe. Kesho yake nilimwomba, mbele ya wachezaji wote, avute yeye. Alisita, kwa kuwa ana wakwe. Nikamweleza kwamba mpini hauna wakwe. Akavuta. Sanduku likashuka, likapanda. Akaagiza mipira irudishwe sandukuni, ingawa hakuna aliyekuwa amecheza, akavuta tena. Mama mmoja akaita kutoka dukani, "Mzee, naomba sabuni." Akajibiwa asubiri kidogo. Alisubiri sana.

Tangu hapo Mzee anashinda kibarazani na mimi ninashinda dukani. Nilimfundisha kupaka nyaya mafuta na kukwamua kitako. Asubuhi moja, kabla hajafika, niliikagua mashine peke yangu, nikakuta waya mmoja umeanza kulegea. Ningeuacha hivyo, mipira ingetua ovyo na ningeendelea kuwa mtu asiyeweza kuondoka. Niliukaza.

Juzi ilikwama, akaitengeneza bila kuniita. Jana nilimpelekea ombi la tatu, akaliwekea saini juu ya goti lake.

"Nenda. Msalimie mama."

"Nirudi lini, Mzee?"

"Tutaona," alisema, mkono ukiwa kwenye mpini.

Ninaielewa maana yake. Duka lenyewe halihitaji watu wawili, na meza haihitaji tena mgeni. Nitafunga mizigo yangu yote.

Kwa hiyo ninaomba umwarifu Ami apange nikaha Ijumaa yoyote baada ya kupokea barua hii, kwa kuwa nitakuwa njiani nyuma yake. Nisalimie Bibi mzaa Baba, nisalimie Shangazi Mwajuma anayekusaidia kuchota maji, na umfikishie salamu za heshima shemeji yangu mtarajiwa pamoja na wazazi wake, ukiwaombea radhi kwa niaba yangu kwa kuwachelewesha. Zaituni asiambiwe habari ya kazi mpaka shughuli iishe. Kwa sasa mwambie tu kwamba ninakuja.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Rajabu,
walii wa Zaituni.